Msimamizi Asiye na Upande

Walinichagua kwa sababu sina mtoto. Nalitanguliza hilo ili mtu asije akadhani nilichaguliwa kwa akili au kwa uaminifu, ingawa baadaye watu wa heshima waliniambia hivyo usoni, na mimi nikaitikia asante.

Ilikuwa siku ya kumaliza matanga ya mama. Tulikaa uani nyumbani kwa wazazi, kijiji kilicho mbele kidogo ya Mpui ukitokea Sumbawanga mjini. Mvua zilikuwa zinakatika, na upepo wa Ufipa ulishaanza ile tabia yake ya kupenya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba, ndiye aliyeongoza kikao. Akasema mali ya marehemu haiwezi kukaa hivi hivi, siku hizi serikali inataka jina la mtu, basi tumtafute wa kusimamia mirathi.

Macho yote yakaenda kwa kaka yetu mkubwa, anayelima huko Mwazye. Kaka akainuka, akavua kofia yake ya sufu.

"Mimi nina watoto wengi," akasema. "Nikishika mimi, kesho mtasema navutia kwangu. Niacheni."

Dada, aliyeolewa Kate, naye akasema akishika yeye watu watasema mali inahamia kwa shemeji. Mdogo wetu wa mwisho, mchuuzi wa migebuka kule Kasanga ziwani, akasema yeye hata simu yake hushika mtandao kwa bahati nasibu, mahakama itamtafutia wapi. Ndipo kikao kizima kikageuka kuniangalia mimi, mtoto wa tatu, fundi cherehani wa mjini, niliyekuwa nimekaa karibu na masufuria.

"Wewe, mwanangu," baba mdogo akaniambia kwa upole kabisa, "huna wa kumvutia. Huna upande. Wewe utatugawia sawasawa."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama mmoja wa jumuiya akasema kweli Mungu ana mipango yake. Nilitamani kumwuliza mipango hiyo ilianza lini, maana mimi niliolewa zamani, ndoa ikakaa miaka yake ikaisha, na aliyekuwa mume wangu akaoa kwingine akapata watoto. Namwombea heri siku nikiamka na moyo mzuri. Lakini msibani haulizwi mtu maswali ya namna hiyo. Nikasema nimekubali.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Mimi niliondoka pale nimeeleka bahasha ya kaki yenye muhtasari wa kikao.

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema siku ile wala siku nyingine yoyote iliyohitaji lisemwe. Niliitaka ile nyumba. Mashamba sikuyataka, nitayalima na nani? Ng'ombe sikuwataka. Nyumba niliitaka. Baba na mama waliijenga kwa matofali waliyoyachoma wenyewe, na sisi watoto tulibeba maji ya kukandia udongo tukiwa wadogo wa kupigwa vikumbo na ndoo. Ina sebule, vyumba vitatu, jiko la nje lililo jeusi kwa moshi, na baraza linalopokea jua la asubuhi, na kwetu jua la asubuhi mwezi wa sita ni mali kuliko ng'ombe. Mjini ninapanga vyumba viwili, na wapangaji wenzangu hubadilika kila mara. Nikishazoea kikohozi cha mmoja, anahama. Nilikuwa nimeshapanga kichwani mahali cherehani itakapokaa: chumba cha mashariki, chini ya dirisha. Ningeshona sare za shule na kanzu za kwaya, na Krismasi watu wangekuja, kwa sababu ni nyumbani kwao. Nilikuwa naogopa kuzeeka bila mahali pa watu kuja. Hiyo ndiyo hofu yangu yote, sina nyingine kubwa.

Mahakama ya mwanzo haikunisumbua kama nilivyotishwa na watu wa mjini. Nilipeleka muhtasari, nikajaza nilichoambiwa, tangazo likabandikwa ubaoni nje ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hakujitokeza mtu. Hakimu alikuwa msichana, au mimi nimezeeka. Alivaa sweta zito juu ya suti yake, akaniambia jambo moja ambalo nimelikumbuka mara nyingi.

"Mama, msimamizi si mwenye mali. Unawashikia wenzako. Lakini wewe pia ni mrithi, na haki yako iko pale pale. Ukiwa na unachokitaka, kiseme mbele ya wenzako. Usikae nacho."

"Sawa, mheshimiwa," nikamwambia, kisha nikakaa nacho.

Ili mtu aelewe kwa nini, ni lazima ajue sisi tunavyogawana vitu vya marehemu. Kwetu mtu hanyooshi mkono. Anayenyoosha wa kwanza ataonekana alikuwa akihesabu pumzi za mgonjwa. Ukiulizwa, unasema huna neno, apewe mwingine. Unaulizwa tena, unasema hapana, hata wewe chukua. Mara ya tatu mtu anakushika mkono, anakuambia marehemu mwenyewe angependa, na hapo ndipo unapokea, mara nyingi kwa machozi. Kazi ya kubembeleza ni ya yule asiyekitaka kile kitu. Ndiyo maana wanamtafuta asiye na upande: mgawaji mzuri ni mbembelezaji mzuri. Mimi nilikuwa mzuri. Kinu cha mama nilimbembeleza dada mpaka akakikumbatia kama mtoto. Blanketi zito la mama nilimbembeleza mke wa kaka. Redio ya baba, ambayo ilishaacha kuongea, mdogo wangu alikataa mara nne, akapitiliza, nikamwambia acha kuringa, akacheka akaichukua.

Mashamba nayo yaligawanyika bila ugomvi. Mwezi wa saba tulikutana shambani, sote wanne na baba mdogo, kwenye baridi la kukausha midomo. Mama alikuwa ameacha matuta yake. Katikati ya mvua, kabla hajaugua, alipindua nyasi kwa jembe na kuzifukia chini ya matuta ya duara, yale tunayoyaita ntumba, ili zioze na mvua zikirudi ayasambaze apande ulezi. Yalikuwa yamejipanga mlimani mpaka chini, na mengine ya mwisho mwisho yalikuwa madogo, unaona kabisa mahali mkono ulipochoka. Mdogo wangu alikuwa amenunua kamba ya katani. Tukaivuta kutoka mkaratusi wa juu hadi kwenye kijito, na kamba ikapita katikati ya matuta.

"Hapana," kaka akasema. "Tuta la mtu halikatwi na kamba."

"Kaka, mpaka lazima unyooke," mdogo wangu akamwambia.

"Nani kasema? Mto umenyooka?"

Basi tukaupitisha mpaka kwa kuzunguka matuta, huku na huku, kila tuta likabaki zima upande mmoja au mwingine. Mpaka ukatoka umepinda kama njia ya mlevi. Baba mdogo akasema hajawahi kuona familia inayogawana shamba huku inacheka. Dada akatugawia mahindi ya kuchoma aliyokuja nayo, akanipa mimi hindi kubwa zaidi, nikalila nimeegemea bega lake kwa ajili ya upepo. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiamini kwamba hili la nyumba nalo litapita hivyo hivyo, kwamba watu wa namna hii hawawezi kukushinda kuongea nao.

Kesho yake asubuhi tukakaa sebuleni kuizungumzia. Jiko la mkaa liliwekwa katikati. Viti vilikuwa vile vile vya baba, na vitambaa vile vile vya mama vyenye maua ya kufuma.

Nikamwuliza kaka kwanza, kwa kuwa ni mkubwa.

"Mimi nina nyumba yangu Mwazye," akasema akiyatazama makaa. "Sina neno. Waulize wadogo."

Nikamwuliza dada.

"Mwanamke aliyeolewa achukue nyumba ya wazazi, watu watasema nini? Sina neno. Muulize mdogo."

Nikamwuliza mdogo. "Wazee wanasema ni ya kitinda mimba," akasema, "ila dada, mimi na hili baridi wapi na wapi? Nimeshazoea joto la ziwani. Sina neno. Kaka aangalie."

Hapo mgawaji anatakiwa arudi kwa kaka aanze kubembeleza. Nilijua. Lakini ulimi haukunyanyuka. Namna gani nitambembeleza mtu achukue kitu ambacho mimi ndiye ninayekilalia na kuamka nacho? Kila "sina neno" iliyosemwa ilikuwa imenishusha mzigo kifuani. Nikanyamaza, nikangoja. Nilikuwa nangoja mtu mmoja tu, yeyote, aseme: na wewe je? Akisema, ningekataa. Akirudia, ningekataa kidogo. Mara ya tatu ningeshikwa mkono.

Hakuna aliyesema. Mwenye kushika kapu habembelezwi na mtu. Na mimi mwenyewe ningesema vipi? Walinichagua kwa kuwa sitaki kitu. Siku ningefungua mdomo nikasema nataka, tena kile kikubwa kuliko vyote, ningekuwa nimegeuka mtu mwenye upande, na kinu, na blanketi, na mpaka uliopinda, vyote vingeanza kutiliwa shaka. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sijui hata leo kama nilikosea hesabu au la.

Baba mdogo, aliyekuwa amesinzia, akazinduka na ule ukimya. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Basi kama hakuna anayeihitaji," akasema, "iuzwe mgawane. Nyumba bila mtu inaliwa na mchwa."

Kaka akakohoa. Dada akavuta khanga yake vizuri. Mdogo wangu akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Nilidhani wamechoka na baridi. Tukafunga kwa sala, na dada akatuombea umoja.

Mahakamani hakimu aliwauliza mmoja mmoja kama wana pingamizi nyumba ikiuzwa. Kila mmoja alisimama akasema hana. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mama, kama mrithi?"

Alisema polepole, akaniangalia kwa muda mrefu kuliko alivyowaangalia wengine. Nadhani alikuwa ananipa nafasi. Nyuma yangu kaka alikuwa amekaa kwenye benchi na fimbo yake, na nilimsikia akivuta pumzi.

"Sina pingamizi, mheshimiwa."

Aliyeinunua ni mfanyabiashara wa mahindi wa Laela, mtu mstaarabu, hakutulalia bei wala hakutuzungusha. Akaniambia kwa adabu kwamba anaihitaji iwe tupu kabla ya mvua, ili aingize magunia. Kumbe alikuwa anatafuta ghala.

Kuvitoa vitu vilivyobaki ndani ilikuwa kazi ya msimamizi. Kaka alikuwa anapura maharage. Dada alikuwa na mjukuu mgonjwa. Mdogo wangu alikuwa ziwani, na mbalamwezi inapoisha ndipo dagaa wanapopatikana, nisingeweza kumlaumu. Nilikwenda peke yangu, nikakaa pale karibu wiki mbili. Kazi yenyewe mtu mwenye haraka angeimaliza kwa siku chache, lakini mimi sikuwa na haraka.

Asubuhi nilikaa barazani kwenye lile jua nikachambua nguo. Mchana nilipika kwenye sufuria la familia, kwa kuwa sufuria dogo halikuwepo nyumba ile, mama hakuwahi kujifunza kupikia mtu mmoja hata alipobaki mmoja. Nilisonga kijiugali katikati ya sufuria lile, kikaonekana kama kimepotea. Upepo ulipiga bati lililolegea juu ya chumba cha baba, na kila likigonga niliinua kichwa nikidhani ni mlango. Nilimfikiria mama. Alikaa humu miaka mingi baada ya baba kufa, na kila nilipompigia simu nikamwuliza habari za upweke alijibu kwamba yupo na kuku. Mimi nikacheka, nikaamini. Niliwaacha hata kuku nisiwauze mpaka siku ya mwisho, nikagundua kuku hawasaidii kitu.

Nilikuwa mpweke mno. Sitalipamba hilo. Kuna siku niliongea na mashuka.

Jirani, mama mmoja mjane aliyekuwa akichota maji pamoja na mama, alikuwa ananiletea uji wa ulezi asubuhi. Siku moja akakaa kizingitini akaniangalia nikifunga vyombo.

"Hivi kati yenu wote wanne, hakuna hata mmoja aliyetaka kubaki hapa?"

"Hakuna, mama."

"Hata wewe?"

Ndiye mtu pekee aliyeniuliza. Na mimi, kwa vile mauzo yalishakamilika na mahakama ilishaandika, nikamwambia kazi yangu iko mjini. Akaguna. Akasema mficha uchi hazai, kisha akakumbuka anayeongea naye, akashika mdomo, akaniomba radhi. Nikamwambia hakuna ubaya. Nilimaanisha.

Simu zilikuwa zinakuja, nisiseme uongo. Mdogo wangu ndiye aliyeanzisha utani wa kuniita msimamizi. "Msimamizi, mambo?" "Msimamizi, lile banda la kuku nalo linauzwa?" Wengine wakamfuata. Kaka, ambaye tangu nizaliwe aliniita jina langu la utotoni, akaanza simu yake moja hivi: "Habari ya kazi, msimamizi." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaongea habari za bei ya mabati, tukaagana. Nilipokata simu ndipo nilipogundua hakuniuliza kama nimekula.

Nikagawa fedha, kila mtu akasaini, nikarudisha taarifa mahakamani, hakimu akafunga shauri. Akaniambia nimefanya kazi safi, angependa wasimamizi wote wawe kama mimi. Wapo wanaokula mali ya yatima, akasema, wapo waliouana kwa panga kwa ajili ya kiwanja kidogo. Sisi hatukugombana hata neno. Nilitoka pale na sifa zangu, nikapanda gari la kurudi Sumbawanga, nikashuka stendi, nikaenda kwenye vyumba vyangu viwili. Mpangaji wa upande wa pili alikuwa amehama.

Baada ya hapo kila kitu kilipoa. Hakuna aliyekasirika na mwenzake, ungeweza hata kutamani mtu angekasirika. Krismasi ya kwanza ilipokaribia niliwapigia wote nikawaambia karibuni kwangu mjini. Kaka akasema nisijisumbue, vyumba viwili tutalala wapi. Dada akasema shemeji yenu hana nguvu ya kusafiri. Mdogo wangu akasema poa, tutaona. Niliwabembeleza mara tatu, kila mmoja, kwa vocha yangu. Hawakuja. Kundi letu la familia kwenye simu, ambalo siku za mirathi lilikuwa linalia kutwa, likabaki na picha za Bikira Maria na salamu za Jumapili njema ambazo dada hutumiwa na watu wa jumuiya yake naye akatutumia sisi.

Kabla ya mirathi sikuwa nimejua kwamba sisi hatukuwa tunakwenda kuonana. Tulikuwa tunakwenda nyumbani, na huko tukakutana. Mtu wa Mwazye hana sababu ya kwenda Kate. Mtu wa Kasanga hapiti Sumbawanga kumwona dada yake anayeshona sare, anapita kuuza samaki. Nyumba ndiyo iliyokuwa inatuita, na mimi ndiye niliyempa ufunguo mtu wa Laela.

Mwaka ulipotimia tuliomba misa ya kumkumbuka mama, kanisani kijijini. Hiyo haikuhitaji kubembelezana, wote tulikuja. Kaka alikuwa amekonda. Dada alikuja na mjukuu wake, amepona. Mdogo wangu alibeba migebuka mikavu kwenye kiroba, harufu ikajaa kanisa mpaka padri akatabasamu. Tulikaa benchi moja, tumebanana, na kwa saa ile moja nilikuwa na watu wangu.

Misa ikaisha, tukatoka nje. Watu wakatupa mikono, wakasema mama yenu alikuwa mtu. Kisha wakaanza kutembea. Walishika ile njia ya kuelekea kwetu, kwa mazoea tu, kwa kuwa baada ya misa ya marehemu watu hula nyumbani kwa marehemu. Walikwenda hatua kadhaa, wa mbele akasimama, na wa nyuma wakasimama. Kutoka pale kanisani bati la nyumba linaonekana. Madirisha yalikuwa yameshazibwa kwa matofali, ili panya wasiingie. Wenzangu wote watatu wakanigeukia, kama vile bado nina bahasha mkononi.

Yule jirani mjane ndiye aliyetuokoa. Akasema alijua, ameshapika, twende kwake. Akatupeleka, akatukalisha ndani kwenye makochi yake, akafunga mlango upepo usiingie, akatuletea ugali wa ulezi na maharage na kuku. Watoto wake walitusalimia shikamoo kwa haya, wakatukimbia. Wanakijiji waliosalia walikula uani.

"Hivi," mdogo wangu akasema, akilisokota tonge lake bila kulila, "nyumba tuliiuza kwa nini?"

Kaka akamwangalia. "Si mlisema hamuitaki?"

"Mimi nilisema kaka aangalie. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mimi nilisema waulizwe wadogo," kaka akasema. "Nilingoja nirudiwe. Sikurudiwa. Nikajua mmeshakubaliana kuiuza, nikasema nisiwe mzee wa kung'ang'ania."

"Mimi nilitaka iwepo tu," dada akasema. Alikuwa amemshika mjukuu kwa nguvu mpaka mtoto akajivuta. "Hata bila mtu. Nije nifagie, nirudi Kate. Lakini ningeanzaje mimi, mwanamke wa watu?"

Wote watatu. Nikaliweka tonge langu kwenye sahani. Nilihisi hasira, hasira kabisa ya kutaka kurusha sahani, na sikujua nimrushie nani, kwa sababu kila mmoja alikuwa amefanya kama alivyolelewa, na waliotulea walikuwa wazuri.

"Na wewe?" kaka akaniuliza. Akaniita lile jina la utotoni. "Maana wewe hatukukuuliza. Wewe ulitaka nini?"

Nikawaambia. Nilisema nilitaka kuzeekea pale. Nikawaambia habari za chumba cha mashariki, na cherehani chini ya dirisha, na kwamba nilitaka wao waje Krismasi wakute moto umewashwa. Sauti yangu haikutetemeka, ilitoka kavu tu, kama mtu anayesoma mali za marehemu mbele ya kikao.

Kaka akaisogeza sahani yake pembeni. Ugali ulikuwa unapoa, na nje mtu alikuwa akicheka.

"Tungekupa," akasema. "Tungekupa bila hata kikao."

Dada akaanza kulia. Mdogo wangu akasema anaweza kumfuata yule mtu wa Laela, waongee kiume, na kaka akamwambia mtu ameshajaza magunia yake mpaka darini, amwache. Hapo mwenyeji wetu akafungua mlango, akaingia na birika na beseni. Akapiga goti mbele yangu anioshe mikono kwanza, kabla ya kaka, nikamwambia mama, anza na mkubwa. Akasema hapana, wageni wanaotoka mbali wote ni wakubwa, kisha akamimina maji.